Kibao cha piano kimegoma masika? Tafuta chanzo kwanza

Masika yakishika Dar es Salaam, simu nyingi ninazopokea ni za makanisani: kibao kikibonyezwa, hakirudi juu. Mara nyingi nikifika nakuta mtu ameshapuliza mafuta ya kulainishia bawaba. Nawasihi, mafuta yasiingie ndani ya piano. Mbao na felti, yaani kitambaa kizito cha sufi, huyanywa, na yakifika kwenye pini zinazokaza nyuzi, pini huanza kuteleza na piano haishiki tena sauti.

Fungua paneli ya mbele. Nyuma ya kibao kuna kipande cha mashine, yaani mitambo inayosukuma nyundo zigonge nyuzi, kinachokikalia. Kiinue kwa kidole, kisha kitikise kibao chenyewe. Kikicheza huru, kosa liko juu kwenye mashine. Kikiwa kizito, kosa ni lake.

Kwa kibao, anza na vya bure. Angalia kama kuna sarafu au penseli katikati ya vibao. Halafu tazama ubao mrefu ulio mbele yao: ukivimba kwa unyevu hugusa vibao, na kipande cha kadi nyembamba kwenye skrubu zake kinatosha kuusogeza. Bado? Chomoa kibao. Kina matundu mawili yaliyovikwa felti, moja la pini ya katikati, jingine la pini ya mbele. Felti imevimba. Ibane taratibu kwa koleo maalumu la midomo bapa, rudisha, jaribu, ibane tena kidogo. Kibao kizuri huwa na mchezo mdogo sana wa pembeni, bila kugongagonga. Usikimbilie msasa: masika yakipita mbao zitanywea, na ulichokwangua hakirudi. Pini ya mbele ina umbo la yai. Usiigeuze, itakula felti.

Kosa likiwa kwenye mashine na nyundo ikiwa nzito, shida ni kipini chembamba kinachozunguka ndani ya felti. Weka tone moja la spiriti iliyochanganywa na maji. Felti huvimba na kujibana yenyewe kwenye kipini, na ikikauka huachia. Ngoja hadi kesho yake ndipo uamue kubadilisha kipini.

Sasa heshima ya kazi. Marekani, Piano Technicians Guild, chama cha mafundi wa piano, humpima fundi kwa mitihani mitatu kabla ya kumsajili: wa maandishi, wa kutyuni (kulinganisha sauti za nyuzi) na wa ufundi. Hapa anayekupima ni mwalimu wa kwaya, naye hawezi kuona ulichofanya ndani. Kwa hiyo mwonyeshe. Kama piano imeshuka sana na anataka ipandishwe hadi A ya hezi 440, yaani sauti ya kipimo cha kawaida, mwambie kabla hujashika ufunguo wa kutyuni kwamba nyuzi zenye kutu zinaweza kukatika, na mkubaliane nani atalipia. Nyuzi zote kwa pamoja huvuta takriban tani 18. Hilo si jambo la kumstukiza mtu nalo.

Ukimaliza, bandika karatasi ndani ya paneli: tarehe, sauti uliyoikuta, vibao ulivyobana na ulichokiacha bila kugusa. Fundi atakayekuja baada yako ataanzia hapo.