Unga Mweupe wa Lengai si Chokaa, Usiupeleke Shambani

Mvua za vuli zikikaribia, huku bondeni chini ya Ol Doinyo Lengai lazima nimkute mkulima amepanga viroba vya unga mweupe kando ya shamba. Ukimuuliza atakwambia ni chokaa ya bure, tena ya volkano, na udongo wa volkano una rutuba. Msimu ukiisha, vitunguu vimedumaa, udongo umeganda juu ukawa sakafu, na maji ya mfereji yanatuama siku nzima bila kunywea. Kisha lawama anapewa muuza mbegu.

Kuhusu rutuba, mnachanganya milima. Udongo wa Meru na Kilimanjaro umetokana na miamba iliyooza kwa maelfu ya miaka, na mvua nyingi imeosha chumvi zake. Lengai ni jambo jingine kabisa. Ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya kabonati za sodiamu. Lava hiyo hutoka kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, wakati lava ya kawaida ya basalti hupita 1,000. Ikitoka ni nyeusi au kahawia iliyokolea, lakini ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe ndani ya saa au siku chache. Madini yake makuu mawili ni nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregoriiti. Yote mawili yamejaa sodiamu. Kwa mkulima, unga huo ni ndugu wa magadi ya Ziwa Natron. Magadi yanalainisha maharage sufuriani, lakini shambani yanayaua.

Hebu tuseme hata ingekuwa chokaa halisi. Chokaa huwekwa kwenye udongo wenye tindikali, na udongo wetu wa bondeni tayari ni wa alkali. Ukipimwa pH (kipimo cha tindikali na alkali; 7 ni katikati) ukakuta 8.5 au zaidi, chokaa ya nini? Unachohitaji hapo ni jasi (gypsum, yaani kalsiamu salfeti), ambayo kalsiamu yake huing'oa sodiamu kwenye mfinyanzi, na hii ndiyo tofauti inayowagharimu watu.

Pima unga kabla ya kuumwaga. Chukua kijiko kimoja cha chai, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika 10. Magadi huyeyuka kwa sehemu kubwa na maji yanateleza vidoleni. Nawa mikono mara moja. Chokaa ya kilimo haiyeyuki, inatuama chini. Tafadhali msinipimie kwa siki! Magadi yanatoa povu na chokaa inatoa povu, kwa hiyo umejifunza nini? Siki inasaidia tu kuitambua jasi safi, kwa kuwa yenyewe haitoi povu.

Udongo nao una kipimo chake. Chukua bonge kavu lenye ukubwa wa punje ya harage, liweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, uache. Angalia baada ya dakika 10, saa 2 na saa 20. Bonge likizungukwa na ukungu kama maziwa ndani ya maji, sodiamu imeshaachanisha chembe za mfinyanzi, na ndiyo maana maji hayapiti. Bonge likimeguka tu huku maji yakibaki safi, tatizo si hilo. Usikoroge, usitikise, usihamishe glasi. Na usitumie maji ya kisima cha chumvi, maana chumvi yake huzuia ukungu usionekane, nawe utaondoka umefurahi bure.

Kama udongo umeshaharibika, peleka sampuli ya sentimita 30 za juu maabara. TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichoko Tanga, wanashughulika na udongo. Omba pH, chumvi na sodiamu inayobadilishana, yaani ile iliyoshikwa na mfinyanzi. Kwa kila sentimoli 1 (kipimo utakachokikuta kwenye majibu ya maabara) ya sodiamu ya kuondoa katika kilo ya udongo, eka moja inahitaji takriban tani 1.7 za jasi kwa kina hicho cha sentimita 30. Kwa kiwango hicho, tuta la mita 1 kwa 10 linakula kilo 4 na ushee. Jasi ipo nchini, Makanya kule Same inachimbwa. Isage iwe laini, itawanye, ichanganye na udongo kwa jembe.

Jasi kwanza, maji baadaye. Wengi wanageuza mpangilio huu. Wanafurika shamba kwa maji matamu ili kuosha chumvi, chumvi inayoyeyuka inaondoka, sodiamu inabaki imeng'ang'ania mfinyanzi, udongo unaziba kabisa. Baada ya jasi, tuta hilo la mita 10 za mraba lipewe jumla ya lita 3,000, kwa awamu tatu za lita 1,000, yaani madebe 50 kila awamu. Ngoja awamu moja inywee yote ndipo ulete nyingine. Kunyunyizia ndoo mbili tu kila jioni kunavuta chumvi juu. Chimba pia mtaro wa kutolea maji, la sivyo unaizungusha chumvi humohumo.

Mazao hayavumilii sawa. Mavuno ya maharage huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.0 kwa mita (kipimo cha chumvi cha maabara), vitunguu 1.2, mahindi 1.7, nyanya 2.5. Kwa hiyo anza na nyanya, maharage yasubiri. Urea juu ya udongo wa alkali hupotea hewani, tumia SA (salfeti ya amonia) na uifukie.

Maji yakinywea na ukoko usiporudi, umefaulu.

Wewe uliyekwisha kumwaga unga, usingoje mvua. Ungali mkavu, ukwangue kwa koleo pamoja na sentimita 2 au 3 za udongo wa juu, ujaze kwenye viroba, uutoe nje ya shamba. Usiutupe mferejini, jirani yako wa chini anamwagilia maji hayohayo.