Jinsi ya kufuatilia historia ya utumishi wa boti ya doria

Anza na namba ya ubavuni, usianze na jina. Walinzi wa Pwani wa Marekani walijenga boti 79 za futi 82, jamii ya Point, kati ya 1960 na 1970, na namba zake zinaanzia WPB-82301 hadi WPB-82379 (WPB ni alama ya boti za doria za walinzi hao). Majina yalikuja Januari 1964. Point Welcome iliingia kazini 1962 ikiitwa 82329 tu, hivyo ukiitafuta kwa jina peke yake utapoteza miaka yake ya mwanzo.

Kisha jua ilikuwa chini ya amri ya nani. Boti 26 za jamii hii zilipelekwa Vietnam kuanzia 1965, katika vituo vitatu: An Thoi, Da Nang na Cat Lo. Huko zilifanya doria ya Operesheni Market Time, ya kuzuia silaha kuingizwa Vietnam Kusini kwa njia ya bahari, chini ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Madaftari ya chomboni yatafute Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, fungu namba 26. Amri na ripoti za operesheni zitafute katika kumbukumbu za wanamaji. Soma zote mbili, kwa sababu daftari litakuambia boti ilikuwa wapi, lakini mara nyingi halisemi ilitumwa kufanya nini.

Panapopoteza watu wengi ni kwenye saa. Katika simu za maandishi za kijeshi, tarehe na saa huandikwa hivi: 110340H AUG 66. Tarakimu mbili za kwanza ni tarehe, nne zinazofuata ni saa kuanzia usiku wa manane, na herufi ni ukanda wa saa. H ni saa nane mbele ya saa ya dunia, ambayo alama yake ni Z. Hiyo ni saa 9:40 usiku wa tarehe 11 Agosti 1966, usiku ambao ndege za Marekani zenyewe ziliishambulia Point Welcome kwa makosa na kuua mabaharia wake wawili. Kwa Z, dakika hiyohiyo ni 101940Z, yaani bado tarehe 10. Usihesabu matukio mawili. Nakili herufi pamoja na namba, halafu geuza zote ziwe ukanda mmoja kabla ya kupanga mfuatano.

Mwisho tafuta hati ya makabidhiano. Boti hizo 26 zilikabidhiwa Vietnam Kusini kati ya Mei 1969 na Agosti 1970, zikapewa namba mpya zinazoanza na HQ (Hải Quân, yaani jeshi la wanamaji kwa Kivietnamu). Daftari la Marekani linakoma siku hiyo. Kuanzia hapo tafuta kwa namba ya HQ.