Unadaiwa na unaomba kibali cha usalama Marekani? Fanya hivi kabla hawajakuuliza

Kuna jambo linaniuma sana. Watu wetu walioko Marekani wanaacha kazi nzuri za serikali na za kampuni zenye kandarasi za ulinzi kwa sababu tu wanadaiwa, mtu anajisemea mwenyewe na madeni haya kibali cha usalama, yaani ile ruhusa ya kushika siri za serikali, nitakipata wapi, anaiacha fomu ya maombi hata hajaigusa. Jamani, deni peke yake mara nyingi si ndilo linalokukosesha, kinachowaponza wengi ni kulificha au kulikalia kimya.

Kwanza elewa kwa nini serikali inachungulia mfuko wako. Mtu aliyebanwa na madeni ni rahisi kununuliwa, na hilo limeshawatokea, Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa na shida ya hela, mpaka anakamatwa 1994 alikuwa ameshalipwa zaidi ya dola milioni 2. Ndo maana kwenye ile miongozo 13 wanayopimia watu, mmoja mzima, ule wa herufi F, ni wa mambo ya fedha.

Sasa kabla hujagusa fomu SF-86, ndiyo ile ya maombi ya kibali, vuta ripoti zako za krediti, yaani kumbukumbu za madeni yako, zote tatu, za kampuni za Equifax, Experian na TransUnion, ni bure kwa annualcreditreport.com, maana mpelelezi anayekuchunguza ataziona tu, sasa ya nini akujulishe yeye deni lako mwenyewe? Kaa nazo mezani na kalamu, kila deni andika unadaiwa na nani, kiasi gani, lilianza lini na kwa nini. Zile bahasha ulizozirundika kwenye droo bila kufungua, leo zifungue.

Kwenye fomu hiyo, sehemu ya 26 ndo ya hela. Kwa sehemu kubwa wanauliza miaka 7 iliyopita, kufilisika, kodi ambayo hukufaili (hukupeleka fomu zake za mwaka) au hukulipa, madeni yaliyopelekwa kwa wakusanya madeni, yaliyochelewa zaidi ya siku 120, mshahara kukatwa kwa nguvu kulipia deni. Shida za hela zilizoletwa na kamari wao wanauliza maisha yako yote. Jibu kila kitu kilivyo, hata kama kinakuaibisha, maana deni lina maelezo lakini uongo kwenye ile fomu ni kosa la jinai la serikali kuu na hapo umehama kwenye suala la hela umeingia kwenye suala la uaminifu, huko kutoka ni kugumu mno.

Halafu anza kulipa, hata kidogo kidogo. Miongozo yenyewe inakubali kwamba kuna mambo yanamkuta mtu bila kupenda, kuachishwa kazi, ugonjwa, talaka, kufiwa, kuibiwa utambulisho, ila wanataka waone baada ya hapo ulifanya nini. Maelezo mazuri ni mafupi, mfano: “Bili ya hospitali dola 3,200, niliachishwa kazi mwezi wa tatu, tangu mwezi wa nane nalipa dola 80 kila mwezi, risiti nimeambatanisha.” Basi. Risiti hizo ziweke kwenye faili moja kwa tarehe, pamoja na barua ya makubaliano na yule anayekudai. Na usidanganyike eti mkopeshaji akishaliondoa deni kwenye vitabu vyake limeisha, kwa macho yao hapo wewe hujalipa chochote.

Kodi usicheze nayo kabisa. Kama kuna miaka hukufaili, faili yote sasa hivi hata kama huna cha kulipa, kisha omba IRS, wale wakusanya kodi wa serikali kuu, wakupangie malipo ya kila mwezi. Mtu anayeidai serikali kumwamini na siri za serikali hiyohiyo, unaona mwenyewe inavyokuwa ngumu.

Na sisi tunaotuma hela nyumbani, nayo wanauliza, ukimsaidia kwa hela mtu asiye raia wa Marekani sema, si dhambi kumsomesha mdogo wako. Ila kama malipo ya kadi zako za mkopo yamechelewa miezi mitano na kila mwezi unatuma, jiandae kueleza.

Ukishapata kibali ujue hawaachi kuangalia, siku hizi rekodi zinafuatiliwa mfululizo, kwahiyo ukifilisika au deni likipita siku 120 mwambie ofisa usalama wa kazini kwako kabla kompyuta haijamwambia.

Ikija barua ya kueleza sababu za kutaka kukunyima, usizimie. Wa kampuni za kandarasi za ulinzi wana siku 20 za kujibu tangu waipokee, na unaweza kuomba usikilizwe na jaji. Jibu kila kipengele kimoja kimoja kwa kukubali au kukataa, ambatanisha lile faili, na ukiweza tafuta wakili wa mambo haya wiki hiyohiyo. Kuanza kulipa siku barua imefika kuna uzito mdogo sana, wenye risiti za mwaka mzima nyuma ndo wanaosikilizwa.