Jinsi ya kuorodhesha kunguni wa nchi nzima, ukianzia Tanzania

Kunguni wa kitandani ni wachache tu katika kundi zima la kunguni (Heteroptera), lenye spishi zaidi ya 40,000 zilizokwisha kupewa majina duniani. Kangambili wa pamba yumo, mbu wa mikorosho (kunguni kwa kweli, si mbu) yumo, na wale wanaoteleza juu ya maji ya dimbwi wamo pia. Ukitaka orodha ambayo mwingine ataweza kuihakiki, fuata utaratibu huu.

1. Anzia kwenye makabati ya makumbusho, si porini. Wadudu wengi wa Usambara waliokusanywa enzi za Wajerumani wako Berlin. Wale wa msafara wa Sjöstedt, mtaalamu wa wadudu wa Uswidi, wa Kilimanjaro na Meru, 1905 hadi 1906, wako Stockholm. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, nayo ina hazina kubwa ya ukanda wetu. Andika kila jina, mahali na mwaka. Majina mengi ya zamani yamebadilishwa, kwa hiyo majina mawili huenda yakawa mdudu mmoja.

2. Vibali. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa utafiti, kisha mwenye eneo: TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa hifadhi za misitu, kijiji kwa mashamba. Kupeleka vielelezo nje ya nchi kuna kibali chake. Anza mapema.

3. Kukusanya. Pitisha wavu wa turubai kwenye majani. Tandika shuka jeupe chini ya tawi, ulipige kwa fimbo. Washa taa usiku. Wa majini watafute kwa chujio. Ukimtilia shaka mdudu, mgeuze: kunguni ana mdomo wa mrija uliolazwa chini ya kichwa, mbawakavu ana taya. Mrija mwembamba ulionyooka kufuata tumbo kwa kawaida ni wa mnyonya mimea. Ukiwa mfupi, mnene na umepinda, huyo ni mwindaji: usimshike kwa vidole, anachoma vibaya sana.

4. Andika mmea. Hapa ndipo orodha nyingi zinapopwaya. Kunguni mzima akikutwa juu ya jani huenda amepumzika tu. Ukikuta watoto wasioota mabawa wakinyonya, hapo una ushahidi kwamba mmea huo unawalea. Andika na wadudu wengine walio kwenye mmea huo. Kunguni wa minazi, *Pseudotheraptus wayi*, hufyonza vidaka vikadondoka, lakini mnazi uliojaa maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, huwa na kunguni wachache. Asiyeandika habari za maji moto atadhani eneo lile halina kunguni huyo.

5. Kuhifadhi. Pini ipite kwenye ile pembetatu ya mgongoni, kulia kidogo kwa mstari wa kati. Ukiipitisha katikati kabisa utaharibu sehemu za chini unazozihitaji kumtambua. Wadogo wagundishe kwenye ncha ya kikadi. Jamii ya mbu wa mikorosho miguu yao hukatika kwa kuguswa tu, hivyo wagundishe siku hiyohiyo. Watoto waweke kwenye spiriti ya asilimia 70. Sampuli ya DNA, 96. Spiriti hufifisha rangi, kwa hiyo piga picha kwanza.

6. Lebo. Nchi, mkoa, mahali, viwianishi vya desimali nne, mwinuko, tarehe, mmea, njia uliyotumia na jina lako. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, ili 4.vii, yaani tarehe 4 Julai, isisomwe kama 7 Aprili. Kielelezo kisicho na lebo, hata kiwe kizuri namna gani, ni pambo.

7. Kutaja jina. Spishi nyingi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, si kwa rangi. Usibahatishe: “*Helopeltis* sp. 1”, yaani spishi ya kwanza isiyotambuliwa ya jenasi ya mbu wa mikorosho, ni jibu la heshima kuliko jina la uongo. Kila spishi kwenye orodha ionyeshe namba ya kielelezo na makumbusho kilipo. Zile unazozijua kwa maandishi ya zamani tu ziwekee alama tofauti. Kisha pandisha rekodi zako GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hai iliyo wazi mtandaoni, pamoja na zile za “sp. 1”, ili mtaalamu wa jamii hiyo azione na kuomba kielelezo.