Vifungo vya shaba vya koti la KAR

Ukishona koti la kaki la askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, wa vita vya 1914–1918, usivishonee vifungo vya shaba kwenye kitambaa. Vilikuwa vya kuvuliwa, koti lipate kufuliwa. Toboa tundu kwa msumari mwembamba, nyuzi zisogee tu. Mkasi uweke mbali kabisa. Kisha zungusha uzi wa pamba ukingoni, mishono ibanane kama viua, vile vitundu vya darizi vya kofia. Mimi mkono huo niliupata barazani kwa bibi, Mji wa Kale, nikimshikia taa umeme ukikatika. Pitisha tunduni kitanzi cha mgongoni mwa kifungo, ukifunge kwa nyuma kwa kipete cha waya. Uzi wa nailoni situmii: inang'aa, inaliharibu koti zima.