Kumpokea mahabusu mpya: kazi ya muuguzi wa gereza siku ya kwanza

Mahabusu akishuka kwenye karandinga, mwone siku hiyohiyo, kabla hajaingizwa seli. Muone peke yake. Askari akae anapoweza kuona bila kusikia. Akisikia, mgonjwa hatakutajia VVU wala sindano za heroini. Kanuni za Nelson Mandela, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, za mwaka 2015, kanuni ya 31, zinataka uchunguzi uwe wa siri kabisa. Mkuu wa zamu akikataa, mwonyeshe.

Pima joto, mapigo, upumuaji, presha na uzito. Bila uzito wa leo, mwezi ujao hutajua kama amekonda. Kila jeraha liandikie mahali lilipo, ukubwa kwa sentimita, na maelezo yake: "anasema alipigwa", si "alipigwa".

Kisha tafuta kifua kikuu: uliza kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Dalili moja inatosha: barakoa, mtenge, chukua makohozi. Kungoja kikohozi kitimize wiki mbili ndani ya seli iliyojaa ni kuwaambukiza wenzake. Akakoholee nje penye hewa, avute pumzi ndefu kwanza. Mate hayafai kupimwa.

Uliza dawa anazotumia: dozi ya mwisho alimeza lini? Mahabusu ya polisi mara nyingi imeshamkatizia dawa. Wa ARV (dawa za VVU), chukua namba yake ya CTC, yaani kliniki ya VVU, na akiridhia ipigie simu kliniki yake ili dozi ya leo isipite. Wa methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) aliyekosa siku tatu au zaidi asipewe dozi yake ya zamani: mwili hauihimili tena kama zamani, inaweza kumkata pumzi. Kliniki yake ipange upya.

Watu hupotea pia kwenye pombe. Mnywaji wa gongo wa kila siku huanza kutetemeka na kutoka jasho saa 6 hadi 24 baada ya kuacha. Degedege huja ndani ya saa 48, kuweweseka siku ya pili hadi ya nne. Wengi huona ukorofi au mashetani, wakamfunga pingu. Huyo ni mgonjwa wa dharura. Pima sukari, mwite daktari au tabibu kwa ajili ya diazepamu (dawa ya kutuliza), na thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya glukosi.

Mwisho uliza waziwazi: "Unawaza kujiua?" Swali halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika moja, na seli ya kutengwa isitumike. Mwulize tena jioni anaporudi kutoka mahakamani, hasa akiwa amehukumiwa.