Namna ya kufundisha kanali za iyoni na anemoni ya bahari, hata kama labo haiko

Bandugu balimu ba biolojia hapa Bukavu, munajua vile inakuaga, ukiandika tu "kanali za iyoni" ku tablo banafunzi banaanza kuangalia dirisha. Miye siku hizi ninaanzaga na anemoni, ule nyama wa bahari mwenye kufanana na maua, na somo linaingia.

Tia litre moja ya maji mu bidoni, ongeza vijiko sita vya chai vya chumvi, gramu 35 hivi, njo vile bahari iko. Baonje. Uwaambie inje ya selule sodiumu iko mingi, ndani potasiumu njo mingi, na ngozi ya selule haiachake iyoni (chembe zenye umeme, kama hizo za sodiumu na potasiumu) zipite ovyo, kwa hiyo lazima mulango: proteini yenye tundu katikati, njo kanali ya iyoni. Usikawie hapa.

Kwenye utakaa sana ni ku sentineli. Anemoni moja ndogo, Nematostella vectensis, iko na selule za kuchoma, kila moja na uzi umejikunja ndani, na ule uzi unarushwa mara moja tu, kisha lazima selule ingine itengenezwe, njo maana haiwezi kupoteza bure. Simamisha mwanafunzi moja ku porte ya darasa, afunge macho: ni kanali ya kalsiumu, wakati selule imetulia karibu zote zimejifunga, sentineli amelala. Ukimugusa tu, hakuna kitu. Sasa harufu ya windo inafika, neva zinatoa asetilkolini (kemikali ya kupeleka habari), umeme wa ndani ya selule unakuwa negative zaidi, sentineli anaamka LAKINI mulango ungali umefungwa (banafunzi banakosea hapa kila mara, rudilia mara mbili). Kisha windo linagusa, mulango unafunguka, kalsiumu inaingia, uzi unaruka! Batafiti balionyesha hiyo mu 2020, na sehemu ya kanali yenye kuitwa beta njo inafanya ijifunge mapema vile. Kwangu hii ni kitu ya ajabu kabisa, nyama asiye na ubongo anangojea alama mbili mbele ya kupiga.

Sasa mageuzi. Andika ku tablo D-E-K-A, njo asidi amino (matofali ya proteini) nne ku tundu la kanali zetu za sodiumu, zenye kuchagua sodiumu. Chini yake andika D-K-E-A, ya kanali moja ya Nematostella, nayo inachagua sodiumu. Bache baangalie bao benyewe, herufi mbili zimebadilishana nafasi, kwani anemoni ilifika kule kwa njia yake, mbali na ya kwetu.

Kama dakika zimebakia, uwaambie juu ya meduza ya Tanganyika, kule chini Uvira, ndugu ya anemoni mwenye kuishi mu maji bila chumvi na mwenye kuchoma pia, kisha uulize: sodiumu ya inje ikiwa kidogo vile, kanali zake zinafanya je? Bangu balibishana mpaka kengele.